Ng'ombe wa Simuni

Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe una harufu ambayo hainitoki puani hadi leo. Ami yangu Faki, mdogo wake baba, alikuwa akiyachoma kila magharibi nyuma ya nyumba yetu kule Kiuyu, ili nzi na mbu wasimsumbue fahali wake aliyemwita Msinune. Nguo zetu zilinuka moshi ule, nywele zilinuka, hata madaftari yangu ya darasa la sita yalinuka, na wenzangu shuleni wakanibandika jina la mke wa Msinune. Nami nilinuna, jambo lililowafurahisha zaidi. Kilikuwa kiangazi, mashamba yamelala yakisubiri masika, na huo ndio msimu wa mchezo wa ng'ombe kwetu Pemba. Zumari ikianza kulia uwanjani, hata mgonjwa huomba atolewe nje.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, fahali hufungwa kamba ndefu, wanaume wenye nguvu wakaishika, ngoma zikapigwa, wanawake wakaimba, na vijana wakaingia mmoja mmoja kumchokoza kwa kitambaa na kumkwepa. Ng'ombe hauawi, wala hakuna kikombe. Kinachopatikana ni jina tu, na kwa kijana wa umri wa kaka yangu Hamadi, jina lilikuwa tamu kuliko wali wa nazi. Msimu mmoja kabla ya huo alikwenda kwa Ami Faki kuomba afunzwe. Ami akampa mundu akamtuma majani. Kila siku ikawa majani, maji, kufagia banda, kumtembeza Msinune barabarani huku akitukanwa kwa kushika kamba vibaya. "Ami, lini utan'funza?" aliuliza siku moja. "Kwani hivi wafanya nini?" Ami akamjibu, akaendelea kutafuna tambuu yake. Hakueleza zaidi. Sitaki kumpamba Ami Faki, maana alikuwa na mdomo mchafu na hakujua kumsifu mtu. Hamadi alitoka bandani kila siku uso umemshuka, na mimi nilimwonea huruma.

Kiangazi hiki ninachokisimulia ndipo alipokuja shangazi yetu kutoka Maskati, akamletea Hamadi simu ya kugusa kioo. Kijijini zilikuwa bado chache. Hamadi alikuwa akiipeleka dukani kuchajiwa kwa umeme wa jua, akarudi nayo mbio, tukajibana barazani watoto wote kutazama. Humo ndimo alimowaona watu wa nchi za mbali, wamevaa nguo za kumetameta, miguu wameibana pamoja, wakizungusha kitambaa chekundu na fahali akikifuata kama mbuzi anayefuata majani. Simu haikumtukana. Ilimrudishia somo lile lile mara alizotaka, bila kuchoka wala kutema tambuu. Mundu aliopewa ukalala bandani ukashika kutu, na Ami Faki akawa anakata majani mwenyewe kwa mundu mwingine akilaani.

Hamadi alifanya mazoezi uani kwa kanga ya mama, na ng'ombe nilikuwa mimi. Niliweka vidole kichwani nikawa na pembe, nikakikimbilia kitambaa, naye akageuka vizuri ajabu, kiuno chembamba, kidevu juu. Watoto walipiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nikilala chumba kilichopakana na ukuta wa banda, na nilimjua Msinune. Nilishamwona akitazama watu. Kitambaa ukimtundikia mbele ya pua hakukijali, alikutazama wewe kifuani. Nilimwambia Hamadi, akacheka. Nikamwambia mama, na mama akakificha kitambaa chekundu ambacho Hamadi alikinunua kwa siku ya mchezo, lakini Hamadi akapata kingine. Ami Faki aliposikia alisema neno moja tu, na alilisema kwa dhihaka kama kawaida yake: "Hao ng'ombe wa simuni waingia darasa la kwanza, hawajapata kuchezwa. Msinune miaka yote hii achezwa na watu. Yeye keshahitimu." Laiti angeliketi na Hamadi akamwambia kwa upole, labda angelisikia. Tangu siku ile, kila niliposikia zumari ikijaribiwa kijiji cha pili, nilikwenda bandani kumchungulia Msinune.

Siku ya mchezo mama alikataa kwenda. Alibaki chumbani na tasbihi yake, akaniambia nimfuate kaka yangu nisimpoteze machoni, kana kwamba macho yangu yangeweza kumzuia ng'ombe. Nilisimama miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiimba na sikuweza kuimba. Hamadi aliingia. Alibana miguu kama wale wa simuni, akafungua kitambaa. Mara ya kwanza wenye kamba waliivuta, Msinune akapita pembeni, uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na wallahi nami nilipiga kigelegele. Nilidhani mimi ndiye mjinga, simu ndiyo iliyosema kweli. Mara ya pili Msinune alikiacha kitambaa kikipepea upande wake, akaenda moja kwa moja kwa mwenye kitambaa. Wachezaji wetu huwa wameshakimbia muda kama ule, wala si aibu. Hamadi hakukimbia, kwa sababu katika simu hakukuwa na anayekimbia, na Msinune akamwangusha. Ami Faki aliiachia kamba akamrukia Msinune pembeni, akimlilia kwa jina, na wanaume wengine wakavuta. Vijana waliokuwa karibu zaidi na Hamadi, ambao wangeweza kumburura, walikuwa wameinua simu.

Hamadi alibebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka kwenye gari, na kutoka hapo hospitali. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama, na njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika nilimkuta amekaa chini mlangoni, ushungi umemwanguka. Mtoto wa jirani alikuwa amekwisha kumwonyesha simuni. Hamadi alipona, alhamdulillahi, ila goti lake halikukunjika tena. Kijiji kizima kikatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ile inapendeza mpaka guu liwe la ndugu yako. Mimi niliyoikumbuka ni nyingine, ukiona vyaelea vimeundwa, maana simu ilimwonyesha Hamadi vikielea tu, na yule aliyejua kuunda hakuwa na subira ya kumwonyesha.

Siku hizi ninaishi Wawi na mume wangu na mtoto wetu Haji, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu. Hamadi ni fundi wa simu Chake Chake. Hukaa kitini kutwa mguu ameunyoosha mbele, gongo limeegemea ukutani, na Haji humpenda kuliko sisi wote. Sitadanganya kuwa simu ni shetani. Haji alijua herufi zote na sura fupi fupi za Kurani kwa simu yangu kabla hajamjua mwalimu yeyote, nami nilijigamba kwa majirani. Lakini Hamadi angalau alikata majani msimu mzima, alijua kwamba kuna kusubiri, hata kama kulimshinda. Mtoto wangu hajawahi kusubiri somo. Naogopa, na sijui hasa wa kumlaumu, kwa maana simu ninampa mimi mwenyewe nipate kupika.

Mwezi uliopita nilimkuta uani amebana miguu, taulo mkononi, simu ameiegemeza kwenye ndoo. Kwenye kioo niliujua uwanja kwanza, kisha kamba, kisha ile miguu iliyobanwa. Mtu amelikata tukio lile likabaki fupi, amelitilia muziki, na pale Hamadi anapoanguka picha hurudi mwanzo, naye yuko wima tena na kitambaa chake, kidevu juu.

"Haji, huyo ni mjomba wako Hamadi," nilimwambia. "Ng'ombe alimwangusha, na hakuinuka. Alibebwa."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama bibi yake anaposhindwa kufungua simu. Akaichukua pale kwenye ndoo, akanisogezea karibu na macho.

"Kainuka, mama," alisema. "Tazama mwenyewe. Kila akianguka, huinuka."