Kijiti Kisichokuwepo

Hafsa Mhina aliolewa Chanika, Handeni, Agosti 2018, akitokea kwao Masuguru, Korogwe. Alikuja na cherehani yake na akawa anashona sare za shule barazani. Mume wake, Awadhi, alikuwa fundi pikipiki, mtu mpole asiye na maneno mengi. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, Bi Hamisa, na wao wawili walikaa chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa jirani wa ukuta mmoja.

Chunusi zilimtoka mwaka wa pili wa ndoa. Hazikuwa zile za usichana zinazotapakaa kwenye paji la uso. Hizi zilitoka kidevuni na kwenye taya, zikateremka shingoni, kubwa na zenye maumivu, na zikipona ziliacha madoa meusi. Aliacha kula karanga. Alipaka manjano, akapaka dawa ya meno, kisha akanunua krimu mnadani ikamchubua mashavu. Wakati huohuo hedhi ilianza kupotea, miezi mitatu, mara nyingine minne. Kila ilipopotea alijua ni mimba, akawa anatembea taratibu. Halafu inarudi, na Awadhi anamkuta analia.

Alichotaka ni azae na abaki katika nyumba ile.

Mwanzoni Bi Hamisa alitania tu. "Mkwe wangu, leo tusinunue fenesi," alisema mbele ya wageni. "Ganda lake tunalo hapa hapa." Wageni walicheka, na Hafsa alicheka nao.

Machi 2021 Bi Hamisa alimsindikiza binti yake kliniki na kichanga. Muuguzi alikuwa anawafundisha kina mama uzazi wa mpango. Aliwaambia kwamba kijiti kinatoa homoni kidogo kidogo mwilini, na kwamba baadhi ya wanawake hedhi zao huvurugika na wengine hutokwa na chunusi. Wasiogope, warudi washauriwe. Lilikuwa somo sahihi. Bi Hamisa alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyeokota ufunguo: mkwe hazai, hedhi haieleweki, uso umejaa chunusi. Basi ana kijiti.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya swala. Walikuwepo Bi Hamisa, shangazi yake Awadhi, mjomba wake, Awadhi mwenyewe, na mimi niliyeitwa niandike.

"Nyoosha mkono, bibie," shangazi alisema.

"Shangazi, sina kitu."

"Kama huna, unaogopa nini kushikwa?"

Kijiti huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, na kikiwepo kinashikika kwa vidole. Shangazi aliubonyeza mkono wa kushoto kama anachagua parachichi sokoni. Hakukuta kitu. Akashika wa kulia. Hapo palikuwa na kovu dogo.

"Na hili?"

"La jipu. Nilipasuliwa nikiwa darasa la pili."

"Jipu lina akili hili! Limeota penye kijiti!"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Bi Hamisa hakucheka. "Ameshakitoa, kaona tumeshtuka," alisema.

"Twendeni zahanati, mama," Hafsa alisema. "Wanipime mbele yenu, waandike karatasi."

"Karatasi waandike haohao waliokuwekea?"

Hafsa akamgeukia mume wake. "Awadhi, kovu hili unalijua. Nilikuhadithia mwaka ule tulipooana. Sema."

Awadhi alikuwa anachokoa oili kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. "Mimi nawasikiliza wazee," alisema.

Niliiandika sentensi hiyo kama alivyoitamka.

Wiki ile ile Hafsa alirudi Masuguru na cherehani yake. Talaka aliyopewa na Awadhi ilikuwa moja, kwa hiyo muda wote wa eda mume angeweza kumrejea bila ndoa mpya. Na eda huhesabiwa kwa hedhi tatu. Wanawake wengi humaliza kwa miezi mitatu hivi. Ya Hafsa, kwa hedhi zake zile, ilikwenda miezi kumi na moja. Mlango ulikuwa wazi miezi yote hiyo na Awadhi hakuuingia. Eda ikiwa mwezi wa nne, alioa mke mwingine.

Mama yake Hafsa ndiye aliyechoka kuhesabu. "Mwanangu, eda gani hii inayozidi mimba?" alisema, na eda ilipokwisha akampeleka hospitali.

Daktari, kama Hafsa alivyonihadithia baadaye, aliitwa Janeth, kijana bado. Aliuliza kuhusu hedhi kwanza, uso baadaye, akampima damu na kumfanyia utrasaundi. Kisha akamweleza: kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume, ila zako zimezidi. Zinazichochea tezi za mafuta chini ya ngozi zitoe mafuta kupita kiasi. Vitundu vya ngozi vinaziba, vijidudu vinazaana humo, panavimba. Na homoni hizohizo zinalizuia yai lisipevuke.

"Kwa hiyo chunusi na kutozaa ni ugonjwa mmoja?" Hafsa aliuliza.

"Mmoja. Na kuna dawa. Ungekuwa na mume anayesubiri mtoto, ningekupa ya kupevusha mayai, wengi wanashika mimba. Kwa sasa tutulize homoni."

Alimwandikia vidonge vya uzazi wa mpango. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Hafsa kuvishika mkononi.

Baada ya miezi minane chunusi zilikuwa zimekauka, yamebaki madoa tu. Siku moja, stendi ya Korogwe, alikutana na Bi Hamisa akisubiri basi la Handeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hee, Hafsa! Uso umetakata, mashallah." Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Si unaona sasa? Ulivyokitoa tu."

Vidonge vilikuwa ndani ya pochi, chini ya kwapa lake. Hafsa alisema, "Safari njema, mama."

Bi Hamisa alifika Chanika jioni ile na kusimulia akiwa hajavua hata viatu. Nilikuwa uani, nasikia kila neno. Awadhi aliacha tairi aliyokuwa anaziba.

"Kumbe kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.