Neno Lililokatika Mwishoni mwa Mstari

Saa moja asubuhi, Marselino Jilala anapaka wino kwenye mashine yake ya kurudufu, ndani ya kibanda cha bati karibu na soko la Shinyanga. Anaweka karatasi, anazungusha mpini, kisha anaiinua kwenye mwanga. Herufi "r" haikutokea vizuri. Anarudia.

Mwanamke mwenye kikapu cha viazi anasimama mlangoni. "Shikamoo, Baba Kalisti. Kili hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, amehamia Mwanza," anajibu bila kuinua kichwa. Wote wawili wanacheka.

Kili si mtu. Ni kipande cha neno kilichompeleka Marselino mahakamani mwaka jana, 1956.

Kazi hii alijifunza katika ofisi ya mgodi wa dhahabu huko Geita, alikofagia kwa miaka sita huku akiwatazama makarani. Mashine yao ilipochakaa aliinunua, akaitengeneza. Huchapa matangazo ya harusi na ya vikao vya wakulima wa pamba, na mashine hiyo ndiyo inayolisha watoto wake watano. Shuleni alikaa miaka miwili tu.

"Naandika herufi moja moja kama ninavyoiona," anasema. "Maana huja baadaye. Siku nyingine haiji."

Mwaka jana darasa la kisomo la akina mama lilikuwa na wanafunzi thelathini na kitabu kimoja. Walimwomba awatolee nakala. Alikiandika chote kwenye karatasi za nta za kurudufia kwa kalamu ya chuma, hadi ukurasa wa mwisho. Hapo mstari mmoja uliishia "Hairuhusiwi kuna-", na wa chini yake ukaanza "kili kitabu hiki".

Mwenye kitabu, yule aliyekitunga, alishtaki. Marselino angeweza kutozwa faini na kunyang'anywa mashine.

Mwendesha mashtaka aliinua nakala moja. "Katazo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Utasemaje hukujua?"

"Bwana, nilisoma kwamba kuna Kili. Nikadhani ndiye mwenye kitabu."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Alimwita Scolastika Maganga, mwanafunzi wa darasa lile, asome ukurasa huo. Mama huyo alisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila silabi: "Hairuhusiwi. Kuna. Kili. Kitabu hiki."

"Kili ni nani, mama?"

"Simjui, bwana. Darasani tulikubaliana ni Mzungu."

Hakimu alieleza kwamba sheria ya jinai humwadhibu anayenakili huku akijua kuwa imekatazwa, na kwamba Marselino hakujua. Akamwachia huru, na mashine ikabaki kwake. Nakala zote thelathini, hata hivyo, alikabidhiwa mwenye kitabu, na darasa likafungwa kwa kukosa vitabu.

"Hukumu ilikuwa ya haki," anasema Marselino. "Yule bwana alikitolea jasho kitabu chake. Lakini akina mama walibaki mikono mitupu kwa sababu yangu. Hilo hakimu hakuweza kuniondolea."

Kwa hiyo anachapa kitabu kipya. Sentensi zake zimetungwa na akina mama wenyewe: juu ya pamba, ng'ombe, na kisima kilichokauka. Kurasa ishirini kati ya ishirini na nne ziko tayari, na darasa litafunguliwa pamba ikishavunwa.

"Siku hiyo kila mama awe na chake," anasema.

Ukurasa wa mwisho ndio aliotangulia kuuchapa, baada ya kuuliza maana ya kila neno. Anautoa chini ya meza. Umeandikwa: "Ruhusa kunakili kitabu hiki."

Neno "kunakili" liko katikati ya mstari, zima.