Chura Kwenye Chungu cha Asumini

Nimelelewa na nyanya hapa Kisauni, sisi wawili tu na chungu kimoja cha asumini uani. Kwake yeye, biharusi kuvaa kikuba cha maua ya kununua ni aibu ya ukoo mzima. Basi siku ya kupambwa kwangu, alasiri, matumba yamejaa tele na hayana budi kuchumwa kabla hayajafunguka, nyanya akapiga ukelele: chini ya mwasumini kakaa chura!

Mimi ndiyo kwanza nimetiwa hina, mikono na miguu. Siwezi kushika hata uzi.

"Huyu hatoki ila kwa ubani," akasema. Akaleta chetezo, akamfukiza. Chura akafumba macho akatulia, wallahi ungedhani yeye ndiye biharusi.

Jirani yetu mama wa bara, afanyaye kazi kiwandani Changamwe, akacheka. "Shosho, huyo ni mlinzi. Anakula wadudu wa maua."

"Mlinzi gani akaa uchi?"

Kisha nyanya akavuta kibao cha mbuzi, akakaa, akaanza kuwalinganisha chura na asumini kama kadhi aliyeletewa mke na mume. Wote wapenda maji. Wote mchana wamelala, magharibi ndipo waamkapo. Huyu anukia, yule apiga kelele, na hakuna akuachaye ulale. Ila asumini ina haya, yangoja kuchumwa. Chura hana haya, afukuzwa na haondoki.

Nikapandwa na hasira. "Nyanya, jua linakwenda! Maua yatafunguka!"

"Mwenye haraka na aende sokoni."

Sokoni! Yeye huyu! Nikaangua kilio.

Jirani akamnyanyua chura kwa mikono miwili, akasimama naye kando. Nyanya akabaki hana kisingizio. Akachuma tumba moja moja, polepole, kila tumba akimtupia chura jicho.

"Kumbe wamuogopa kweli," nikamwambia.

"Nimuogope chura? Nakaa naye tangu masika." Hakunitazama. "Nikishayachuma haya, mwanangu, wewe waenda zako kwa mumeo Likoni."

Akayatunga, akanibandika kikuba kifuani.

"Na huyu, shosho?" akauliza jirani, chura angali mikononi. "Nimtupe mtaroni?"

"Thubutu! Mrudishe chunguni," akasema nyanya. "Kesho nitasema na nani?"