Kibonde cha Zuhura

Ndugu zangu, wivu ni ugonjwa, na mimi ulinipata ofisini, katika kazi yetu ya kupanga mji. Zuhura, niliyemfundisha kazi mwenyewe, alichora mtaa wa kando ya mto: maduka chini, nyumba juu, watu wakitembea kwa miguu kivulini. Wakamsifu mpaka nikakosa hamu ya chai. Mchoro wangu haukuuliziwa hata na mfagiaji.

Siku ya kwenda kuliona eneo, mkurugenzi akaagiza wote tutembee kwa miguu kutoka mtaa wa Mtendeni. Mimi nikawasha gari. Nifike kwanza, nitandaze mchoro wangu kwenye boneti, tuone! Karibu na mto nikakuta kibonde chenye nyasi za kijani, nikaegesha kwa madaha. Gari likazama kwenye maji yaliyofichwa na nyasi, mpaka kwenye milango.

Wenzangu wakafika, viatu vikavu.

"Zuhura," mkurugenzi akauliza, "tutaaminije kwamba kibonde hiki ulichochimba kwa majaribio kitashika maji ya mvua?"

Zuhura akainama dirishani kwangu kwa adabu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikaitikia, soksi zimelowa.

Akamgeukia mkurugenzi. "Tumuulize kaka. Yeye yumo ndani."