Mkamwana Aliyepiga Kinanda Akiwa Amesimama

Tupokigwe alipiga kinanda akiwa amesimama. Mguu wa kushoto ulibeba mwili wote, wa kulia ulikanyaga ubao wa kupuliza hewa, na ubeti ulipokwisha alibadilisha miguu. Kigoda kilikuwepo, lakini kilikuwa cha baba mkwe wake, Mzee Jairo. Kwa desturi ya Wandali, mkamwana hakalii alichokalia baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani ni yeye anayeingia majanini mpaka mzee apite.

Hayo yalikuwa Iyula, katika nchi ya Mbozi, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Mzee Jairo alikuwa amehama Undali na kupanda kahawa, na watu wa Iyula wakamfanya mzee wa kanisa. Kanisa lao la miti lilivuja, kwa hiyo kinanda cha miguu walichoachiwa na misheni kilikaa sebuleni kwake. Kila Jumapili vijana wanne walikibeba hadi ibadani, mzee akakipiga, kisha wakakirudisha. Siku za kazi, jioni, mzee alikaa mbele yake akijifunza nyimbo, taratibu, kama mtu anayepima shamba kwa hatua.

Tupokigwe alizisikia akiwa jikoni, na zilimtesa. Alikuwa amefundishwa kinanda tangu utotoni na bibi mmoja wa misheni kule kwao, akaolewa na Amoni, mwana wa Jairo. Mwaka huohuo Amoni akapita Tunduma kwenda migodi ya shaba ya Kopabelti, ng'ambo ya mpaka, kama vijana wengi wa wakati ule. Mke akabaki na wakwe, shamba la mahindi, na vidole visivyokuwa na kazi. Alisonga ugali huku mkono mwingine ukicheza juu ya goti. Usiku alijigeuza mpaka kitanda cha kamba kikalalamika.

"Umeingiwa na siafu?" mama mkwe wake, Ferista, alimwuliza siku moja.

"Mama, mstari wa pili wa ule wimbo wake anaukosea kila siku. Palepale."

"Basi usisikilize."

"Nifanyeje nisisikilize? Ua ni mmoja."

Ferista alikuwa mwanamke mwepesi wa huruma, pengine mno. Wiki iliyofuata, mzee alipokwenda shambani, alifagia sebule, akaacha mlango wazi, akasema anakwenda kuchota maji. Tupokigwe akaingia. Tangu siku hiyo alipiga kila mzee alipokuwa mbali, na Ferista alikaa uani kumlinda. Akimwona mumewe anakuja, aliita kuku kwa sauti kubwa.

Sitamsafisha Tupokigwe. Alijua kwamba akikutwa angerudishwa kwao, na ndoa yake ingekuwa mashakani mumewe akiwa hata hana habari. Alijua pia kuwa kitu cha mtu hakiguswi kwa siri. Kukwepa kigoda hakukumfanya asiwe na kosa. Lakini aliyewahi kujua kazi kwa mikono yake na kunyimwa kuifanya ataelewa kwa nini alirudi tena na tena, akapiga haraka haraka, kama mtu anayekula chakula cha kuiba.

Msimu wa kahawa ulipofika, kanisa jipya la matofali lilikuwa limeezekwa, na siku ya kulifungua ilikuwa imepangwa. Mzee Jairo alikwenda kumenya kahawa kwa mashine ya mkono iliyokuwa nyumbani kwa Anania, mzee mwenzake wa kanisa. Mashine ikamkamata. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilipondeka. Anania akavifunga kwa kitambaa, akamsindikiza nyumbani asubuhi ile ile, saa ambayo hakuna aliyemtazamia. Ferista alikuwa mtoni kweli.

Walipofika uani walisikia kinanda.

Anania alisimama. "Mzee Jairo, kinanda chako kimejifunza kujipiga chenyewe."

Jairo akasimama naye. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Hakuweza kuingia alipo mkamwana wake, na mkamwana hakuweza kutoka alipo yeye. Damu ilikuwa inapenya kitambaa. Ndani, muziki ukakatika: Tupokigwe alikuwa ameona vivuli viwili mlangoni. Alijifunika kanga kichwani hadi kidevuni, akageukia ukuta.

Ferista akaja na mtungi kichwani, akaona yote kwa mtazamo mmoja.

"Mama Amoni," Jairo alisema, akiutazama mti wa kahawa ulio karibu, "aliyemo ndani ni nani?"

"Unamjua."

"Mwulize amejifunza wapi."

Ferista akageuza kichwa kuelekea mlangoni, ingawa kila neno lilikuwa limesikika ndani. "Anauliza umejifunza wapi."

"Misheni, mama."

"Anasema misheni."

"Nimesikia," Jairo alisema. "Mwambie amalize mstari wa pili. Mimi hapo hunishinda."

"Jairo, unatokwa damu," Anania alisema.

"Itatoka hata akinyamaza."

Tupokigwe akarudi kwenye kinanda, akapiga mstari wa pili. Kisha Jairo akaenda nyuma ya nyumba, akageuzia uso pembeni, na Tupokigwe akatoka mbio hadi jikoni. Huko alikaa akikunja na kukunjua pindo la kanga. Ferista alipomaliza kumwosha mzee jeraha na kuja kumwambia ale, alikuwa tayari amefunga nguo zake katika mkeka.

"Nani amekufukuza?"

"Nangoja kufukuzwa, mama. Ni afadhali nikiwa nimejiandaa."

Anania hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuwa wa kwanza kutoa habari. Kabla ya Jumapili kanisa zima lilijua. Wazee walikutana, na yeye ndiye aliyeanza.

"Kinanda kihamie kanisani na kifungiwe. Nyumba ambayo mkamwana anaingia na kutoka alipo baba mkwe si ya kutunza mali ya Mungu. Na huyo binti arudi kwao akafundishwe."

Jairo alikuwa ameweka mkono uliofungwa juu ya meza. Miaka yote alikuwa ameringia kinanda kile. Hakumruhusu hata mtu mmoja kujaribu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la Tupokigwe, kwa kuwa yeye aliiba saa chache, mzee aliwanyima watu wote.

"Vidole hivi havitapiga tena," alisema. "Siku ya kufungua kanisa atapiga Tupokigwe, au mtaimba bila kinanda."

"Na heshima?"

"Heshima ni yangu na yake. Akipiga, mimi nitatoka nje. Akimaliza, atakwenda upande wa wanawake, nami nitaingia."

"Mzee wa kanisa afukuzwe kanisani na mkamwana?"

"Anania, dirisha la upande wangu halina kioo. Nitasikia."

Wakabishana hadi wakachoka, wakakubali. Wapo wanaocheka nikisimulia, wakisema desturi ile ilikuwa mzigo tu. Mimi sicheki. Mzee yule alipotakiwa kuchagua nani asogee, alisogea yeye, na hakumlazimisha binti kuvunja alichofundishwa na mama yake.

Siku ilipofika, Jairo alisimama nje chini ya dirisha, jua likimpiga kichwani. Ndani, Ferista alileta kiti kutoka kwa jirani. Tupokigwe alikaa, akainuka, akakaa tena. Kanga ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Akaanza, na kwa hofu akaanza kwa mwendo wake ule wa kuiba. Watu wakashtuka, wakamfuata. Nje ya dirisha sauti moja nzito ilibaki nyuma nusu mstari, ikakataa kuharakishwa, ikakataa tena, kisha ikaanza kukimbia kumfuata.