Msimu wa Pili wa Okwera

Lanyero aliifunga kompyuta kwa kishindo, akasema peke yake chumbani: "Wezi wakubwa hawa."

Alikuwa ametoka kutazama kipande cha sita cha msimu wa pili wa Malango Tisa, katuni ya Kijapani iliyomjengea jina mtaa mzima wa Kisenyi, Kampala. Hadithi yenyewe ni ya vijana waliovaa miwani ya mchezo wakajikuta wamefungiwa ndani ya mji wa kompyuta wenye malango tisa. Sheria ya mji huo ni moja: anayekufa ndani ya mchezo, huku nje haamki tena. Siku za kazi Lanyero aliuza vitunguu soko la Kalerwe. Jumapili mchana alikuwa VJ, yaani yule mtu anayekaa kando ya skrini na maikrofoni yake akiwatafsiria watazamaji filamu papo hapo. Vibanda vya video vya Kiganda vimejaa Kampala, huwezi kuvimaliza. Kibanda cha Haji Abdul-Karim, nyuma ya magereji, kilikuwa na VJ wa Kiswahili, na waliokijaza walikuwa wake na watoto wa askari, Wakenya wa biashara ndogo ndogo, Wakongo, na yeyote aliyekulia kambini kama Lanyero mwenyewe, binti wa sajini wa polisi.

Sasa, VJ si karani wa mahakama. Hutia chumvi, huchokoza, hukemea maadui kwa niaba ya watazamaji, na zaidi ya yote huwapa watu wa filamu majina ya nyumbani, maana nani ana kichwa cha kukariri majina kumi ya Kijapani? Kwa hiyo shujaa wa Malango Tisa akawa Bonny, msichana mwenye upinde akawa Dolphine, na lile jitu pole lenye ngao, lisilo na maneno mengi ila lina njaa kila saa, Lanyero akaliita Okwera.

Okwera lilikuwa jina la kaka yake.

Kaka yake alikwenda Mogadishu na jeshi, akarudi ndani ya sanduku lililopigwa misumari na amri juu yake kwamba lisifunguliwe. Wakamzika Kitgum, kwao kaskazini, hivyo hivyo. Mama yao, Rosalba, hakutoa chozi. Watu wakamsema kwamba ana roho ngumu, naye akawajibu kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mimi nalia nini? Naona mbao tu. Ndani iko nani, sijui." Akarudi zake Kampala, mtaa wa Kasubi alikoishi na Lanyero, na kwa miaka minne kila jioni akampakulia Okwera chakula chake, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiacha mezani. Asubuhi alikitupa. Lanyero hakuthubutu kumgusia jambo hilo, na wala wewe usingethubutu.

Halafu kikaja kipande cha mwisho cha msimu wa kwanza. Wenzake walipokuwa wakikimbilia nje, Okwera wa katuni alibaki nyuma kuushika mlango wa tisa kwa mgongo na ngao yake, peke yake, mpaka ukafungwa naye yuko ndani. Siku hiyo Mama Rosalba alikuwa amekuja, kwa mara ya kwanza, amekaa benchi la mbele na mkoba wake mapajani. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalisema maneno machache tu ya kuaga. Lanyero aliyaacha. Alisema kwenye maikrofoni lililomjia mdomoni: "Mama, mimi nabaki hapa. Usiningoje na chakula."

Mama Rosalba alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote wale, kilio cha miaka minne, na wanawake wa askari wakamzunguka wakalia naye. Jioni ile aliiosha sahani ya Okwera, akaikausha, akaiweka kabatini. Tangu hapo alilala usingizi wa kweli.

Ndiyo maana Lanyero alikuwa amejaa hasira mbele ya kompyuta iliyofungwa. Vipande vitano vya kwanza vya msimu wa pili vilikuwa vibaya, sawa, lakini ubaya wa kawaida VJ huweza kuufunika kwa mizaha. Vipande viwili vizima Bonny alikuwa ananunua nguo na kuoga. Dolphine, aliyekuwa akimwangusha adui kwa mshale mmoja, sasa kazi yake ni kupika na kuona haya. Adui mpya ni mtu wa suti anayeelezea kompyuta mpaka watazamaji wanapiga miayo. Hayo yote Lanyero aliyameza. Lakini kipande cha sita, jamani! Mlango wa mkahawa unafunguliwa, Okwera anaingia anatafuna mkate. Wenzake wanashangaa. Anacheka, anasema mashine ilikuwa imeweka nakala yake, kwa hiyo hakufa, alikuwa amelala tu. Basi. Sentensi moja! Wanampigapiga mgongoni, wanaagiza chakula, hadithi inaendelea.

"Kama kifo kinafutika," Lanyero aliuambia ukuta, "sheria mliiweka ya nini? Mlitutoa machozi ya bure mkacheka?"

Aliamua atakiruka kipande hicho. Atasema faili limeharibika. Alikwenda kulala akiwa ameridhika na uongo wake, na Jumamosi akauza vitunguu vyake hadi jioni. Aliporudi Kasubi, akafungua mlango, akaona mezani sahani imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Mama, hiyo chakula ya nani?"

Mama Rosalba alikuwa anakunja nguo, hakugeuka. "Makokha alipita hapa. Amesema kwa kibanda yenu wameandika, Okwera amerudi."

Makokha ni Mkenya aliyeuza samaki meza ya pili kutoka kwa Lanyero, mtu mwema, mdomo haufungi. Na ni kweli, Haji Abdul-Karim alikuwa ameona tangazo la kipande hicho kwenye simu yake, akaandika kwa chaki nyeupe kwenye ubao wa barabarani, herufi kubwa kama za duka la jumla: OKWERA AMERUDI!

"Mama, ni katuni."

"Mimi si mjinga, Lanyero. Najua ni picha." Alilaza gauni juu ya rundo, akalipapasa. "Lakini ile sanduku hawakufungua. Ile picha ndiyo ilinionyesha namna alibaki. Sasa kama picha inasema hakubaki, mimi nishike nini? Kesho nakuja."

Lanyero hakula. Jumapili asubuhi alimfuata Haji kibandani, akamkuta anapanga mabenchi, akamtolea uvivu bila hata salamu.

"Haji, futa ile jina kwa ubao."

"Eh! Nnyabo, dada, umeamka vibaya? Watu wote wanauliza Okwera. Leo tutajaza mpaka nje."

"Ile jina ni ya kaka yangu."

"Si wewe uliitoa? Mimi nilikuwa naita yeye mtu ya ngao. Wewe ndiyo uliweka Okwera, watu wakapenda. Sasa firimu imemrudisha, mimi nifanye nini? Firimu si yangu, si yako." Haji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na alisema jambo ambalo Lanyero alikuwa amelikwepa tangu juzi. "Kama hutaki, nampigia VJ Sulaimani, anakuja anatafsiri. Na yeye atamwita Okwera, kwa sababu watu wanajua Okwera."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Wajapani walikuwa wamemfufua mtu wao, wana ruhusa yao, watajua wenyewe. Aliyempa jitu lile jina la marehemu ili kibanda kijae alikuwa yeye. Alijikasirikia hadi macho yakamwasha. Akaichukua maikrofoni juu ya benchi, akasema, "Natafsiri mimi."

Alikuwa na uongo mwingine tayari. Atasema huyu anayeingia mkahawani ni mdogo wake Okwera, wamefanana sura, amekuja kuulizia habari za nduguye. VJ amewahi kusema makubwa zaidi ya hayo na watu wakameza.

Saa nane kibanda kilikuwa kimefurika. Mama Rosalba alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani, palepale alipokaa mara ile. Kipande kilianza na yale yale: Lanyero alitafsiri nguo za Bonny, akatafsiri upishi wa Dolphine kwa kejeli, watu wakacheka. Kisha mlango wa mkahawa ukafunguliwa. Kibanda kizima kikasimama. "Okwera! Okwera!" Watoto walipanda juu ya mabenchi wakipiga makofi. Kwenye skrini jitu lilikuwa linatafuna mkate na kucheka.

Lanyero alifungua mdomo aanze habari ya mdogo mtu. Akamtazama mama yake, sauti ikagoma. Spika zikabaki zinatoa Kijapani kitupu.

Mama Rosalba aliinuka. Alimwangalia yule mtu wa kwenye skrini kwa muda, kama unavyomwangalia mgeni anayedai ni wa ukoo wenu. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele akae, kisha waliomfahamu wakawanyamazisha.

"Lanyero," alisema, "ule mlango sasa nani anashika?"

Lanyero alikuwa amevitazama vipande sita, vingine mara mbili. Hakuna mahali palipotajwa mlango wa tisa. Alijibu kwenye maikrofoni, kwa sababu mikono ilikuwa imeishikilia na haikutaka kuiachia.

"Hakuna mtu, Mama. Wameusahau."

"Basi hii si yeye," Mama Rosalba alisema. "Yeye hawezi acha mlango akuje kula mkate. Mwambie arudishe jina yetu."

Lanyero alibonyeza kitufe, picha ikasimama, jitu likabaki na mkate mdomoni. Kila msimu ulipoisha alikuwa na desturi ya kutoa hukumu yake, na watu wa Kisenyi waliiheshimu kuliko nyota zinazopewa filamu mtandaoni. Msimu huu ulikuwa bado una vipande saba. Hakungoja.

"Sikilizeni hukumu. Hii msimu ni takataka. Ile ya kwanza walitufundisha mtu akifa amekufa, tukawaamini, tukalia. Hii wanasema tulikuwa tunacheza. Sisi hatukuwa tunacheza! Nani hapa alizika mtu halafu akaambiwa iko nakala?" Mke mmoja wa askari alikuwa ameinamisha kichwa. "Kosa ingine ni yangu. Niliazima katuni jina ya mtu, haikuwa ya kuazimwa. Kuanzia leo huyu ni mtu ya ngao. Anayetaka kuendelea akae, nitamtafsiria mpaka mwisho. Lakini Okwera alibaki kwa mlango."

Haji Abdul-Karim, pale mlangoni, alikuwa amekwisha fungua mdomo. Aliwatazama watu wake, akasogea kando.

Lanyero aliweka maikrofoni chini, akamshika mama yake mkono, wakatoka hadi barabarani ulipo ubao. Mama Rosalba hakujua kusoma. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akakitemea mate kidogo.

"Jina yake ni gani hapa?"

Lanyero alimwonyesha. Mama Rosalba alilifuta jina la mwanawe taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama anayemfuta mtoto uso, akakikunja kitambaa chenye chaki akakirudisha mkobani.

"Na hii ingine inasema nini?"

"Inasema amerudi."

Mama Rosalba alilitazama lile neno. Kisha akafunga mkoba.

"Hiyo futa wewe," alisema. "Mimi siwezi."