Ngozi Iliyolegea na Miguu ya Kukimbilia

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, diploma yangu ilipokaribia kumponza mtu. Sisemi kwa kujidharau. Mimi binti wa mchoma mkaa nilijisomesha Ubelgiji, nikarudi Bujumbura muuguzi kamili, na mtaa wetu wote wa Mutanga Nord ulijua hivyo, maana niliwaambia.

Jirani yangu Mama Yozefina, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa mnene kabla ya vita. Njaa na kuhamahama vikamkondesha. Ngozi ya mapaja ikabaki inaning'inia, ikisuguana mpaka vidonda. Nikamwambia kuna upasuaji: ngozi iliyolegea hukatwa, inayobaki huvutwa juu ikashonwa. "Kama kupunguza gauni," nikasema. Daktari niliyesoma naye, aliyekuwa akipita mjini, akakubali kumpasua wiki ile ile.

Mzee Sirili, muuguzi wa chumba cha upasuaji tangu sijazaliwa, akasikia. Akaja kwa Mama Yozefina, akanikuta nimekaa naye.

"We wa Ulaya, umemwambia kovu litaanzia kinenani lishuke mpaka wapi?"

"Apana, Mzee."

"Na kidonda cha pale penye jasho huoza upesi? Na damu inaweza kuganda mguuni, ikapanda kifuani, ikaua mutu?"

Mzee akamwelekea Mama Yozefina.

"Mama, alikuambia ni wiki ngapi hutaweza kukimbia?"

Mama Yozefina akanigeukia. "Kukimbia? Mi niko na watoto wawili wa kubeba!"

"Basi ngoja amani," Mzee akamjibu. "Osha, kausha, paka mafuta, vaa kaptura ndani ya kitenge."

Nilikasirika, lakini Mama Yozefina akaahirisha upasuaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lingekuwa la mwenzangu.

Siku ya tisa baada ya maneno hayo risasi zikalia vilimani, mtaa ukakimbia. Mama Yozefina alikuwa mbele yangu, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, kitenge kimepandishwa magotini. Tungeisikiliza diploma, angekuwa kitandani na nyuzi mapajani.

Mwanangu, upasuaji ule si dhambi; huondoa ngozi, hauponyi unene, na una wakati wake. Kuuliza si ujinga. Anayekusifia kisu, mwulize kovu, hatari, na siku za kulala. Na wewe ukisoma kama mimi, usimwambie mgonjwa nusu ya unachokijua.

Mungu akulindie mwili wako, na akupe mtu wa kukuambia ukweli wote kabla hujakatwa.